Siku Bibi Alipokwenda Kupanda Treni

Juzi muuza duka wa mtaani kwangu, hapa Dodoma ninapoishi, alifungua dumu jipya la mafuta ya alizeti mbele yangu. Yalikuwa mafuta ya kukamuliwa Singida, yale mazito yenye rangi ya asali, ambayo hayajasafishwa mpaka yakapoteza harufu. Harufu ile ilinipanda puani moja kwa moja: mbegu zilizopata moto, magunia, vumbi la kiangazi. Muuzaji aliniuliza nataka lita ngapi, akauliza tena, nami nimesimama tu na chupa yangu mkononi, mwili umeingia baridi. Kuna watu ambao harufu za utotoni huwaletea raha. Mimi harufu hii huniletea Bibi, mama yake baba, na nyuma yake huja hofu ambayo mpaka leo sijui niiweke wapi.

Bibi alijipaka mafuta hayo magotini kila jioni. Aliyapasha kwenye kijiko juu ya jiko, akayamimina kiganjani, kisha akayasugua taratibu huku akiulaumu upepo wa Singida kama mtu anayemlaumu mkwe. Alizaliwa Pangani. Babu, Mnyaturu wa kwetu Singida, aliteremka pwani ujanani kukata mkonge, na aliporudi alirudi naye. Walipanda treni mpaka Manyoni, kutoka hapo lori la mizigo mpaka Singida mjini, ambako walifungua kiduka ambacho baadaye kilikuwa cha baba. Miaka yote aliyokaa bara Bibi hakuacha kukicheka Kiswahili chetu. Alisema tunazungumza kama watu wanaotafuna ugali mkavu. Kwa sauti yake laini alinifundisha kusuka ukili, kuchambua mchele, na kumwamkia kila mtu mzima ninayekutana naye hata kama nina haraka ya kwenda msalani.

Nilikuwa darasa la tatu, nalala naye chumba kimoja. Jioni moja, nikiwa nimekaa kitandani kwake namshikia kijiko cha mafuta, alinitazama kwa muda, akaniuliza kwa upole mimi ni mtoto wa nani. Nikacheka, maana Bibi alikuwa mtu wa mizaha. Yeye hakucheka. Aliendelea kunitazama vilevile, kwa adabu, kama mgeni anavyomtazama mtoto wa nyumba aliyofikia, akanishauri nirudi kwetu kabla giza halijaingia, mama yangu asije akahangaika.

Ndugu zangu, sijui kama mmewahi kutazamwa na macho mnayoyajua huku ndani yake hamna mtu anayewajua. Nilikimbilia jikoni kwa mama. Mama akasema Bibi amechoka tu.

Shuleni nilikaa dawati moja na msichana aitwaye Mwajuma, ambaye alikuwa na jibu la kila jambo. Nilimweleza. Alinisikiliza huku anamung'unya ubuyu, kisha akanijulisha kwamba bibi yangu wa kweli amechukuliwa msukule, analimishwa mashamba ya watu mahali fulani, na huyo tuliyebaki naye ni mgomba uliopewa sura yake. Akanipa na kipimo: nimchome sindano, nitaona anatoka maji badala ya damu. Kwetu Singida migomba yenyewe ilikuwa ya kutafuta, lakini hilo halikunipunguzia hofu. Nilijiambia wachawi lazima wana njia yao ya kuagiza. Sindano sikuthubutu kuishika. Nikabaki kumvizia tu, nikimnusa kwa siri, nikimhesabia pumzi alipolala. Siku alipojikata kidole akimenya viazi na damu nyekundu ikatoka, nililia kwa furaha mpaka mama akadhani mimi ndiye niliyejikata.

Furaha hiyo haikudumu. Kama huyu ni Bibi wa kweli, basi ni Bibi wa kweli ndiye asiyenijua. Hilo lilitisha zaidi kuliko mgomba.

Mambo yakaendelea kuharibika kidogo kidogo. Alitia chumvi kwenye chai. Alificha viatu vya baba ndani ya pipa la unga. Aliniita Tunu, jina la dada yake aliyefariki zamani, na nilipoitika alianza kuniuliza habari za watu waliozikwa kabla baba yangu hajazaliwa. Kisha siku moja, watu wakitoka msikitini adhuhuri, Bibi alitoka nje hadi barabarani akiwa na kanga moja tu, nywele wazi, akimuuliza kila mtu kama treni imefika. Baba alikuwa miongoni mwa waliotoka msikitini. Alivua koti lake akamfunika, akamrudisha nyumbani amemkumbatia. Sikuwahi kuuona uso wa baba ukiwa vile, wala sikutaka kuuona hivyo tena.

Jioni yake alituita mimi na mama. Alisema mambo ya nyumbani ni ya nyumbani. Mtu akiuliza, Bibi anaumwa miguu, hawezi kutoka. Watu wangejua, wangeanza kusema amerogwa, au mbaya zaidi, kwamba yeye ndiye mchawi na uchawi umemrudia. Kikongwe kuitwa mchawi kwa sehemu zetu halikuwa jambo la mchezo. Nilimwelewa. Niliapa moyoni kwamba hata Mwajuma sitamwambia tena lolote.

Baba mdogo Idrisa alikuja kutoka Dar es Salaam kushauriana na kaka yake. Yeye alikuwa ameishi ng'ambo miaka kadhaa, na nikiwa nimekaa pembeni natoa mawe kwenye maharage nilimsikia akieleza kwamba huko kuna nyumba za wazee. Kila mzee ana kitanda safi na kengele ya kumwita muuguzi, na watoto wake huenda kumsalimia mwisho wa wiki. Mama, ambaye hakuwa na kawaida ya kuingilia mazungumzo ya wanaume, aliuliza kama wazee hao huwa wanalala peke yao. Baba mdogo akasema ndiyo, kila mmoja na chumba chake. Mama akashtuka kama aliyesikia habari ya jela. Baba akasema kwetu mzee hapelekwi popote, mzee anakaa na watu wake.

Siku iliyofuata alinunua kufuli.

Walikubaliana chumba cha Bibi kifungwe kwa nje mchana, saa ambazo mama anakwenda kumsaidia baba dukani. Niliporudi kutoka shule nilikaa uani na madaftari yangu, mlango ule ukiwa mbele yangu. Nilitegemea Bibi atapiga kelele au atatukana. Badala yake alibisha. Alibisha taratibu kwa vidole, kwa sauti ileile laini ya pwani:

“Hodi. Hodi wenyewe. Hodi jamani.”

Hodi hupigwa na mtu aliye nje. Bibi alikuwa ndani ya chumba chake mwenyewe, anaomba ruhusa ya kuingia mahali ambapo sisi tupo. Nilitaka kuitikia karibu, lakini ufunguo sikuwa nao, na nilijiuliza ni uungwana gani kumkaribisha mtu ambaye huwezi kumfungulia. Alibisha tena, akangoja, akabisha. Mwishowe akaanza kupiga kwa viganja vyote viwili, na hapo nilikimbilia nje nikakaa kwenye jiwe kubwa lililo nyuma ya nyumba yetu, nimeziba masikio, mpaka mama aliporudi.

Mama naye ilimshinda. Siku moja ya mwezi wa saba, upepo unavuma mpaka mabati yanalia, alisimama mbele ya mlango ule na kufuli mkononi, akiwa amekwisha kujifunga mtandio wa kwendea dukani. Kisha akalitupa kufuli kwenye beseni la nguo chafu.

“Leo sifungi,” alisema. “Mimi siwezi, Zuhura. Kaa na Bibi yako, nampelekea baba chakula na kurudi.”

Hakuwa ametoka muda mrefu Bibi alipofungua mlango. Alikuwa amevaa buibui lake la sikukuu, kichwa amekifunga vizuri, kikapu begani. Alionekana mzima kuliko siku zote za mwezi ule. Akasema twende upesi, treni itatuacha. Nikamwambia tumngoje mama. Akasema mama yuko Pangani anatungoja sisi. Kisha akanishika mkono, hapa juu ya kifundo, kwa nguvu ambayo sikujua kwamba mtu mwenye magoti mabovu anaweza kuwa nayo, na tukatoka.

Mtaani kila mtu alituona. Fundi Bakari, fundi cherehani aliyeshonea barazani kwake, alimwamkia Bibi, akamshukuru Mungu kwamba miguu imepona, na kumuuliza safari ya wapi leo na kupendeza kote huku. Bibi akajibu kwa kicheko kwamba anakwenda stesheni. Fundi akamtakia safari njema akaendelea kukanyaga cherehani yake. Nilimtazama. Nilikuwa na maneno mdomoni kabisa. Lakini niliambiwa mambo ya nyumbani ni ya nyumbani, na miguu ya Bibi, ambayo tulikuwa tumeutangazia mtaa mzima kwamba haiwezi kutembea, ilikuwa inanivuta kwa mwendo wa askari. Tukampita mama muuza karanga, tukawapita vijana wa baiskeli. Wote walimwamkia, wote waliitikiwa vizuri. Hakuna aliyejua kwamba tunahitaji kusimamishwa, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameambiwa.

Stesheni haikuwa upande ule. Manyoni haikuwa upande ule. Nyumba zilipungua, zikaanza njia za mashambani za Unyambwa, mabua ya mtama yaliyokwisha vunwa, na majabali yale ya kwetu yaliyopangana kama yamewekwa na mtu asiyemaliza kazi. Upepo ulitupiga ubavuni na kutujaza mchanga kwenye meno. Bibi aliongea njia nzima, na Tunu, na mama yake, na mtu mmoja ambaye nilidhani ni babu. Mimi nililia kimya kimya. Niliogopa kurudi peke yangu kwa sababu sikuijua tena njia. Niliogopa kuendelea. Niliogopa jua, ambalo lilikuwa limeanza kuegemea upande mmoja, kwa sababu nilijua fisi wa majabalini huamka jua likizama, na zaidi ya fisi niliuogopa uso wa baba.

Kati ya shamba na shamba Bibi akasimama. Aliangalia mbele, akaangalia nyuma. Aliangalia kikapu kama kimeangukia begani kwake kutoka mbinguni. Halafu akaniangalia mimi.

“Wewe nani?” aliniuliza. “Kwa nini umenishika mkono? Unanipeleka wapi?”

Mkono alikuwa ameushika yeye. Nilimwambia mimi Zuhura, Bibi, mjukuu wako. Uso wake ukabadilika, na hapo ndipo niliposhikwa na woga wa maisha yangu. Aliniachia, akainama, akaokota jiwe. Akalinyanyua usawa wa kichwa changu. Alinitaka niondoke, nimwambie aliyenituma kwamba hana kitu cha kuibiwa.

Sikukimbia. Watu niliowasimulia husema nilikuwa jasiri, lakini ukweli ni kwamba nilichuchumaa palepale kwa sababu miguu ilikataa, nikaficha kichwa magotini nikasubiri. Jiwe halikuja. Nilisikia linaanguka chini, puu, kisha nikasikia sauti ambayo sikuitambua. Nilipoinua kichwa, Bibi alikuwa amekaa vumbini na buibui lake la sikukuu, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto mchanga, analia. Alikuwa anamwita mama yake. Mtu mwenye mvi kichwa kizima, ambaye baba yangu alimwita mama, alikuwa anaita, mama, mama, njoo unichukue.

Jiwe lilinitisha, lakini kilio kile kilinitisha zaidi. Mpaka siku ile nilikuwa naamini kwamba woga ni kitu cha watoto, kwamba ukikua unafika mahali unavuka. Nikaona kumbe hakuna kuvuka.

Mwanamke mmoja alitokea kwenye njia ya kisimani, ndoo ya maji kichwani. Alituona, akasimama. Hakupiga kelele, hakuniuliza mimi kitu. Alitua ndoo, akapiga goti moja kidogo mbele ya Bibi, pale vumbini, akasema kwa sauti ya kila siku:

“Shikamoo, bibi.”

Kilio kikakatika. Bibi alifuta uso kwa ncha ya buibui. Akaweka mabega sawa.

“Marahaba, mwanangu,” alisema. “Hamjambo huko mtokako?”

Niliona kwa macho yangu mtu akirudi mahali pake. Hakukumbuka chochote, lakini alijua ameamkiwa, na mtu aliyeamkiwa ana la kujibu. Yule mama akasema hawajambo, akauliza kama Bibi angependa kupumzika kidogo kwake, jua kali. Bibi akasema angependa, ila asicheleweshwe akaikosa treni. Yule mama akasema sawa, hatachelewa.

Aliitwa Mama Paskalina. Kwake palikuwa na nyumba ya tembe na nyingine ya bati, zizi la ng'ombe, na uani uwele ulioanikwa juu ya turubai. Kando ya uwele ule, kwenye kigoda, alikaa mzee mkongwe amefunikwa blanketi, fimbo mkononi. Alikuwa baba mkwe wake. Kazi yake ilikuwa kufukuza kuku. Wakati tunaingia alikuwa amelala usingizi mzito huku kuku wanakula uwele miguuni pake bila hata haraka. Mama Paskalina alikohoa kidogo kabla ya kufika. Mzee akashtuka, akapunga fimbo, kuku wakasogea hatua mbili kwa heshima, wakarudi. Mama Paskalina akamshukuru kwa kazi.

Alimpa Bibi kigoda upande wa pili wa turubai na kijiti chake. Wazee wale wawili wakasalimiana, mmoja kwa Kinyaturu na mwingine kwa Kiswahili cha Pangani, na sidhani kama kuna aliyemwelewa mwenzake. Lakini walikaa. Bibi alikuwa hodari sana wa kufukuza kuku. Mimi nilipewa uji wa uwele, nikaumwagia nusu yake kifuani. Mama Paskalina alinipangusa, akauliza taratibu mimi ni wa nani. Nikalitaja duka la baba. Akamtuma shemeji yake mjini na baiskeli.

Tukingoja nilimuuliza, kwa kuwa mtoto huuliza asichotumwa, kwa nini hawamweki mtu mwingine kulinda uwele, mbona unaliwa. Alitazama turubai.

“Kuku wanakula kidogo,” alisema. “Ila asubuhi akiamka anajua anakwenda kukaa wapi.”

Kisha akaniambia, bila kunong'ona, kwamba mzee yule naye huwa anapotea. Zamani alikuwa akitoka na ng'ombe wasiokuwepo. Majirani wote wa pale wanajua. Anayemkuta njiani humwamkia, humpa maji, humgeuza. Yeye mwenyewe alipotukuta alidhani tunajulikana tulikotoka, akashangaa tu kwamba tumefika mbali namna ile bila mtu kutugeuza.

Baba alifika na gari la kuazima, jua limebaki kidogo, mama pembeni yake bila viatu. Niliposikia mlango wa gari nilijificha nyuma ya zizi. Nilitegemea ngurumo. Nikachungulia. Baba alikuwa amesimama ukingoni mwa ua ule, anamtazama mama yake akipiga kijiti chini na kuwaambia kuku shii, shii. Alimwamkia. Bibi akaitikia, akamuuliza kama yeye ndiye dereva.

Baba akamgeukia Mama Paskalina. Alianza sentensi, akaiacha, akaanza tena.

“Mama yangu anaumwa,” alisema. “Anasahau. Wakati mwingine hata mimi hanijui.”

Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akiyasema hayo mbele ya mtu. Mama Paskalina akasema ndiyo, wameona, na akamuuliza kama anapenda maziwa ya mgando, wamfungie kidogo aende nayo.

Asubuhi ya pili baba hakufungua duka mapema. Alitoka nyumbani akaenda kwa fundi Bakari, nami nikiwa nakwenda shule nikamwona amesimama barazani pale, anashikashika vitambaa kama mnunuzi. Alikaa hivyo mpaka nikadhani ataondoka. Ndipo akasema. Kutoka hapo akaenda kwa muuza karanga, kwa vijana wa baiskeli, kwa imamu, nyumba kwa nyumba. Wapo waliosema yale aliyoyaogopa. Mama mmoja hakuniruhusu tena nicheze na watoto wake. Lakini wengi walikuwa wamekwisha kuhisi, wakisubiri tuwaruhusu kujua. Tangu siku ile Bibi alikwenda stesheni karibu kila siku. Alivaa, akabeba kikapu, akashuka mtaani. Fundi Bakari alimwambia treni imechelewa kidogo, akampa kiti na vipande vya vitambaa apange rangi kwa rangi. Akichoka alirudishwa nyumbani na yeyote aliyekuwa anapita.

Sitaki niwadanganye kwamba hofu iliisha. Bibi aliendelea kuondoka kidogo kidogo mpaka hakubaki hata na stesheni. Mwaka wake wa mwisho hakuinuka kitandani, na usiku nilivuta shuka mpaka kichwani nisimsikie. Lakini nilijifunza kuingia chumbani kwake na shikamoo, hata mara kumi kwa siku, na mara zote kumi aliitikia. Alifariki msimu wa baridi, mama akimshika kichwa. Mazishini Mama Paskalina alikuja kwa miguu.

Miaka mingi imepita. Nimesoma, nimefanya kazi, nimekutana na watu walioishi kwenye nchi zile alizozisimulia baba mdogo. Siwadharau tena watu wa kengele. Kengele, ikibonyezwa, kuna mtu analipwa kuitikia. Kwetu kulikuwa na mlango na mtoto wa darasa la tatu asiye na ufunguo. Wala sisemi sisi tunajua kuwatunza wazee na wengine hawajui. Nyumba yetu na ya Mama Paskalina zilikuwa mwendo wa mchana mmoja, lakini moja ilificha na nyingine ilisema.

Na mkono ule. Kwa miaka nilisimulia kwamba Bibi aliniburuta mpaka Unyambwa. Ni ukubwani, siku moja nikivuka barabara kubwa na mwanangu, nilipoangalia jinsi alivyonikamata kifundo cha mkono, nikaelewa. Bibi hakuwa ananiburuta. Alikuwa ameshika kitu pekee alichokiona kilichokuwa bado kinamjua. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, na hakuwa na hata wa kumwambia.

Mama sasa anakaa na mimi hapa Dodoma, tangu baba alipotutoka. Tunaishi ghorofa ya pili, jengo lenye familia nyingi ambazo mimi nazifahamu kwa magari yao tu. Mwezi uliopita mama aliniuliza kama nimelipia umeme. Nikamjibu. Akaniuliza tena tukila. Akaniuliza tena nikimtandikia kitanda, kwa sauti ileile, kama swali jipya. Nilitoka nikasimama ukumbini gizani, kama nimesimama tena kati ya mashamba yale.

Jumamosi, mama akiwa amelala mchana, nilikwenda mlango wa jirani wa mkono wa kulia. Nilikaa pale kwa muda bila kubisha. Nikamkumbuka baba barazani kwa fundi Bakari, akishikashika vitambaa, na kwa mara ya kwanza nikajua alikuwa anafanya nini muda wote ule. Nikabisha. Alifungua mwanamke wa umri wangu, sufuria mkononi, uso wa mtu anayesubiri kuambiwa gari lake limeziba njia.

“Mimi jirani yako,” nilisema. “Ninakaa na mama yangu. Ameanza kusahau.”

Mengine niliyokuwa nimeyapanga yakapotea. Aliniangalia. Akaweka sufuria chini, palepale mlangoni.

“Anaitwa nani?” aliuliza.

“Asha,” nikasema. “Asha binti Juma.”